Shajara ya Mradi: Chaja ya Sola kwa Simu na Vifaa Vidogo

Siku ya 1

Leo ninaanza kutengeneza chaja ya sola kwa ajili ya simu, redio ndogo na taa za mkononi, yaani vifaa vinavyopokea umeme wa volti 5 kupitia tundu la USB. Ninataka chaja inayotoa volti hizo bila kuyumba, isiyoweza kuidhuru simu hata jua likibadilika ghafla, na ambayo kila sehemu yake inaweza kufunguliwa na kubadilishwa na mtu mwenye mita ya umeme na pasi ya kulehemu. Chaja zilizozibwa kwa gundi, ambazo hutupwa zima kwa sababu ya dayodi moja iliyoungua (kijisehemu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu), ndizo zilizonisukuma kuanza kazi hii.

Paneli niliyonayo ni ya wati 10. Kioo chake kina upana wa sentimita 24 na urefu wa sentimita 35, na chini yake zimepangwa seli 36 zilizounganishwa mfululizo. Lebo ya nyuma inasema volti 21.6 paneli ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachovuta umeme wake, na volti 17.6 kwa ampea 0.57 inapotoa nguvu zake zote. Namba hizo hazikupangwa kwa kubahatisha. Seli moja ya silikoni, iwe kubwa au ndogo, hutoa takriban volti 0.6 ikiwa haina mzigo na karibu volti 0.5 inapofanya kazi. Ukubwa wake huongeza mkondo tu, hauongezi volteji. Zidisha 0.6 kwa 36 utapata 21.6.

Nilipiga pia hesabu ya ufanisi. Eneo la kioo ni mita za mraba 0.084, na jua kali linaloifikia paneli moja kwa moja huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, hivyo kioo hiki hupokea kama wati 84 na kutoa 10, sawa na asilimia 12. Seli ya silikoni iliyooneshwa na Bell Laboratories nchini Marekani mwaka 1954 ilikuwa na ufanisi wa takriban asilimia 6, kwa hiyo paneli hii ndogo, ambayo si ya daraja la juu kwa viwango vya leo, inaizidi mara mbili. Jambo hilo lilinipa heshima mpya kwa kifaa nilichokuwa nimekiegemeza ukutani bila kukijali.

Siku ya 2

Kabla ya kuunganisha chochote niliamua kuipima paneli yenyewe, kwa sababu namba za lebo hupatikana katika mazingira ya maabara ambamo seli hushikiliwa kwenye nyuzi joto 25, na hakuna paneli iliyoanikwa juani inayobaki na ubaridi huo. Asubuhi, kioo kikiwa bado hakijapata moto, mita ilisoma volti 20.9. Adhuhuri, mwanga ukiwa mkali zaidi, ilisoma 19.5. Mtu asiyejua angetarajia kinyume chake. Sababu ni joto: volteji ya kila seli hupungua kwa takriban volti 0.002 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kipimajoto nilichokibandika nyuma ya paneli kilionesha nyuzi 53, yaani 28 zaidi ya zile za maabara. Kwa seli 36 hilo ni punguzo la volti 2, na hesabu inakubaliana na mita.

Mkondo nilioupata kwa kugusanisha ncha mbili za paneli kupitia mita, iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10, ulikuwa ampea 0.55. Kuipiga paneli shoti kwa namna hiyo hakuidhuru, kwa kuwa haiwezi kutoa mkondo mkubwa zaidi ya ule unaozalishwa na mwanga. Jambo hilo lisijaribiwe kamwe kwenye betri.

Kipimo kilichonifundisha zaidi leo kilihitaji kipande cha kadibodi tu. Niliifunika seli moja kati ya 36. Volteji ilishuka kidogo mno, kutoka 19.5 hadi 19.1, lakini mkondo uliporomoka kutoka ampea 0.55 hadi 0.06. Seli zilizounganishwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, kwa hiyo seli iliyo gizani huziba njia ya zote, na paneli hii haina dayodi za kuikwepa. Jani moja lililodondokea mahali pabaya linatosha kuifanya paneli iwe kana kwamba haipo, huku mita ya volti ikiendelea kusema kwamba kila kitu ni salama. Tangu leo sitaihukumu paneli kwa volti peke yake.

Niliigeuza pia hadi miale ikaipiga kwa mshazari wa nyuzi 60 kutoka mkao wa kulikabili jua moja kwa moja, na mkondo ukawa ampea 0.30. Jiometria inasema ungekuwa nusu ya 0.55, ziada ndogo iliyobaki inatokana na mwanga wa anga lenyewe.

Siku ya 4

Nimejaribu njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kidhibiti cha volteji cha 7805 chenye miguu mitatu, pamoja na kapasita mbili ndogo, vijisehemu vinavyohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi. Kilitoa volti 5.02 mara moja. Nilipokipa mzigo wa rezista, yaani kijisehemu chenye ukinzani maalumu, unaovuta ampea 0.5, kilifanya kazi kwa muda mfupi, kisha kikajizima. Nilipokigusa kilikuwa kimoto kiasi cha kutoshikika.

Kidhibiti cha aina hii hushusha volteji kwa kuibadilisha tofauti yote kuwa joto. Volti 18 zikiingia na volti 5 zikitoka, volti 13 huchomwa ndani yake, na kwa mkondo wa ampea 0.5 hizo ni wati 6.5 za joto dhidi ya wati 2.5 zinazoifikia simu. Ningeweza kukifunga kwenye kipande kikubwa cha alumini cha kukipooza, lakini hilo lingeondoa dalili tu na kuuacha ugonjwa: karibu robo tatu ya nguvu za jua zingeishia kupasha alumini. Kwa paneli ya volti 9 njia hii ingevumilika. Kwa paneli ya seli 36 haifai, na nimeiacha.

Siku ya 5

Nimechukua moduli ya kupunguza volteji inayotumia chipu ya LM2596. Badala ya kuichoma tofauti ya volti, chipu hii hukata na kuruhusu mkondo mara 150,000 kwa sekunde, na koili iliyo pembeni yake huhifadhi nishati na kuitoa kwa volteji ndogo lakini kwa mkondo mkubwa zaidi. Ufanisi wake katika kazi kama hii ni takriban asilimia 80.

Onyo moja nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye moduli yenyewe: irekebishwe kabla ya kuunganishwa na simu. Ilipofika mikononi mwangu, skrubu yake ya kurekebishia ilikuwa mahali ambapo karibu volti zote za paneli zilipita kwenda upande wa pili. Niliizungusha mara nyingi, mita ikiwa kwenye ncha za kutokea, hadi nikapata volti 5.10, kisha nikaidondoshea rangi ya kucha ili isisogee.

Siku ya 7

Simu ya kwanza imeunganishwa. Niliteua ya zamani, nisiyoiogopea sana. Ilionesha alama ya kuchaji, nami nikafurahi, lakini mita iliyokuwa njiani ilisoma ampea 0.45 peke yake ilhali paneli, kupitia moduli, ilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Tundu la USB la kawaida lina miguu minne: miwili ya umeme na miwili ya data. Miguu ya data nilikuwa nimeiacha wazi, na simu isiyopata jibu kwenye miguu hiyo haijui imechomekwa kwenye nini, hivyo huvuta kidogo kwa tahadhari. Kanuni ya chaja za ukutani ni kwamba miguu miwili ya data huunganishwa pamoja, na simu ikiligundua hilo hujua kwamba haizungumzi na kompyuta na kwamba inaruhusiwa kuvuta hadi ampea 1.5. Nilidondosha tone moja la risasi kati ya miguu hiyo, na mkondo ukapanda hadi ampea 1.1.

Hata hivyo, kwenye plagi ya simu volteji ilikuwa 4.63 tu, wakati moduli ilitoa 5.10. Kosa lilikuwa la kebo. Waya za ndani yake ni nyembamba kama uzi, zenye ukubwa wa takriban milimita za mraba 0.08, na shaba ya ukubwa huo ina ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ina omu 0.43, nazo kwa ampea 1.1 hula karibu nusu volti. Nimetumia kebo fupi yenye waya nene zaidi, na volteji imekaa 4.98. Urefu wote uliobaki, mita 3, nimeuweka kati ya paneli na moduli, mahali ambapo mkondo ni mdogo na volti ni nyingi, kwa sababu hasara ya sehemu ya kumi ya volti kati ya 18 haionekani.

Siku ya 9

Leo mawingu yamepita, na leo ndipo nimeelewa kazi hii inahusu nini hasa.

Wingu la kwanza lilipofunika jua, simu iliacha kuchaji, ikawasha kioo chake kutoa taarifa, ikaanza kuchaji tena baada ya sekunde mbili, ikaacha, ikawasha kioo tena, na kuendelea hivyo kwa dakika nzima. Wingu lilipopita niliona kwamba asilimia ya betri ilikuwa imeshuka kwa moja. Chaja yangu ilikuwa imeitoa simu nishati badala ya kuipa.

Nilirudia jambo hilo kwa makusudi kwa kuitia paneli kivuli chepesi cha kitambaa cheupe, huku nikisoma mita mbili kwa pamoja. Bila kivuli, simu ilivuta wati 5.5, moduli ikaomba karibu wati 7 kutoka kwenye paneli, na paneli ikatoa kwa volti 16 hivi. Chini ya kitambaa, paneli haikuweza kutoa zaidi ya wati 3. Betri iliyochoka ingeshusha volteji polepole na kuendelea kutoa, lakini paneli haina tabia hiyo. Moduli ya kupunguza volteji huomba nguvu ileile daima: volti za kuingia zikipungua, yenyewe huongeza mkondo inaouvuta ili kufidia. Paneli nayo haina mkondo wa ziada, hivyo kila moduli inapoomba zaidi, volti huanguka zaidi, na zikianguka moduli huomba zaidi tena. Katika kufumba na kufumbua volti 16 zilikuwa 6, simu ikapata volti 4.2, ikajitoa, mzigo ulipoondoka paneli ikaruka hadi volti 19, simu ikadhani mambo yametengemaa, ikaomba tena ampea 1.1. Ndiyo sababu ya kuwaka na kuzima.

Nimelitafakari hili jioni nzima. Nilikuwa nimeichukulia paneli kama tundu la ukutani lenye volti tofauti kidogo, nikadhani kazi yangu ni kuzishusha hadi 5. Kuzipata volti 5 kulinichukua siku moja. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna kifaa kinachoiomba paneli kuliko jua linavyoipa kwa dakika hiyo, na simu, kwa jinsi ilivyoundwa, haiwezi kulijua hilo.

Siku ya 10

Nimejaribu kuweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye ncha za kuingilia, kwa kuwa wengi hulipendekeza jambo hili. Halikusaidia, na hesabu ingenionesha mapema: kapasita hiyo ikiwa na volti 18 huhifadhi juli 0.16 (wati moja ni juli moja ya nishati kwa sekunde), na moduli inayoomba wati 7 huzimaliza kwa sekunde 0.02. Wingu la dakika moja linahitaji juli 420. Seli moja ya lithiamu ya 18650, silinda yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa na miliampea-saa 2,600 huhifadhi zaidi ya juli 33,000. Mwelekeo wa mradi umebadilika: paneli itachaji betri, na betri ndiyo itakayochaji simu.

Siku ya 13

Sasa mpangilio uko hivi. Paneli inapita kwenye dayodi ya 1N5819, inaingia kwenye moduli ya LM2596 iliyorekebishwa kutoa volti 5.1, ambayo inalisha moduli ya TP4056 ya kuchaji seli ya lithiamu. Kutoka kwenye seli, kupitia fyuzi ya ampea 3, umeme unaingia kwenye moduli ya kupandisha volteji kutoka 3.7 hadi 5 na kuishia kwenye tundu la USB. Dayodi nilikaribia kuiondoa, kwa kuwa chipu ya kuchaji inatosha kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku. Nimeiacha kwa sababu jana nilishika waya za paneli kinyume, chanya mahali pa hasi, nikagundua kabla tu ya kuzifunga. Hasara ya volti 0.35 kati ya 18 ni bima ninayokubali kuilipia.

Kiini cha mpangilio huu ni rezista moja ndogo kwenye TP4056. Rezista hiyo ndiyo inayoamua mkondo wa kuchaji. Moduli huja na rezista ya kiloomu 1.2, inayotoa ampea 1. Kwa ampea hiyo moduli zangu zingehitaji zaidi ya wati 6 kutoka kwenye paneli, na yale yaliyotokea siku ya 9 yangerudi kila jua linapofifia. Nimeing'oa na kuweka ya kiloomu 2, ambayo hushusha mkondo hadi ampea 0.58. Sasa paneli inaombwa wati 3.7 peke yake, kiasi inachoweza kukitoa hata mwanga ukipungua hadi nusu. Kuibadilisha kulihitaji mkono mtulivu, ncha nyembamba ya pasi na kioo cha kukuzia, lakini hakuna badiliko jingine katika mradi mzima lililoleta manufaa makubwa hivi. Nilirudisha kitambaa cheupe juu ya paneli: taa nyekundu ya kuchaji ilipepesa kidogo na kubaki inawaka. Kilipokuwa kinene zaidi ilizimika, na nilipokiondoa ikawaka yenyewe bila mimi kugusa kitu.

Gharama yake ninaiandika wazi. Moduli ya kwanza hupoteza sehemu ya tano. TP4056, ambayo nayo hufanya kazi kwa kuchoma tofauti ya volti, hupoteza zaidi ya robo ya kile inachopokea. Na moduli ya kupandisha hupoteza kama asilimia 13. Kati ya nishati yote inayotoka kwenye paneli, takriban nusu ndiyo hufika kwenye tundu la USB. Ninakubali hasara hiyo, kwa sababu nusu inayofika bila kukatika ina thamani kuliko wati nyingi zinazoiwasha na kuizima simu, na sasa simu inaweza kuchajiwa usiku.

Siku ya 15

Tatizo jingine dogo lakini la kweli limejitokeza. TP4056 huchaji seli hadi volti 4.2, kisha hungoja mkondo upungue hadi sehemu ya kumi ya ule uliopangwa, na hapo huhesabu kwamba seli imejaa na kuacha. Simu ikiwa inavuta umeme kutoka kwenye seli hiyohiyo kwa wakati huohuo, mkondo haupungui kamwe, na chipu huendelea kuishikilia seli kwenye volti 4.2 bila kikomo, hali ambayo huichakaza. Zipo sakiti za kuitenganisha njia ya simu na njia ya betri, lakini nimechagua swichi ya njia mbili: upande mmoja seli inachajiwa, upande wa pili seli inatoa. Inamlazimu mtumiaji kuchagua, nayo hailazimishi chochote kigumu zaidi ya hapo.

Siku ya 18

Kasha. Nilikuwa nimefikiria kulibandika nyuma ya paneli ili kila kitu kiwe kimoja, lakini nyuzi 53 nilizozipima siku ya 2 zimenikataza. Seli za lithiamu za kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na nyuma ya paneli pangekuwa mahali pabaya kuliko pote. Zile mita 3 za waya sasa zinafanya kazi ya pili: paneli inakaa juani, kasha linakaa kivulini. Nimetoboa matundu chini na juu ili hewa ipite, na seli imewekwa mbali na TP4056, ambayo hupata moto mwanzoni mwa kuchaji.

Viungio vyote vya risasi vimekaguliwa kwa kuvutwa. Viwili vilikuwa na uso mkavu usiong'aa, vimelehemiwa upya.

Siku ya 21

Jaribio la siku nzima. Seli ilianza ikiwa na volti 3.1 saa mbili na nusu asubuhi. Mawingu yalipita mara tano au sita. Paneli niliigeuza kulifuata jua mara tatu. Taa ya buluu ya kuonesha kwamba imejaa iliwaka saa nane na dakika kumi mchana. Jioni niliigeuza swichi na kuchomeka simu yenye betri ya miliampea-saa 4,000 ikiwa na asilimia 20. Ilipanda mfululizo, bila kioo kuwaka hata mara moja, hadi asilimia 63, ndipo moduli ya ulinzi, ile inayozuia seli isiishiwe umeme kupita kiasi, ilipoikata seli.

Siku ya 23

Asilimia 43 ni chini ya nilivyotaka. Seli ya pili ikiunganishwa sambamba na ya kwanza itaongeza akiba mara mbili, ingawa kwa mkondo wa ampea 0.58 itachukua zaidi ya siku moja kuzijaza zote mbili kutoka mwanzo, nami sitaongeza mkondo. Seli mbili zenye volteji tofauti zikiunganishwa sambamba, ile iliyo juu humwaga mkondo mkubwa usiozuiliwa ndani ya ile iliyo chini, kwa hiyo kila moja nimeijaza peke yake hadi taa ya buluu na kuiacha ipumzike mezani. Usiku huu ya kwanza inasoma volti 4.18 na ya pili 4.11. Nitazipima tena kesho asubuhi, na mpaka tofauti iwe chini ya volti 0.05 zitabaki zimetengana.